Naomba ushauri: nasafiri Marangu siku 13, bustani yangu ya viroba nitaiachaje?

Mama Viroba | Jumamosi, saa 1:40 asubuhi

Wakuu, habari za wikiendi. Nimeamka kabla jua halijakaza, nimemwagilia, sasa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni na kikombe cha mchaichai niliouchuma mwenyewe. Nimeona niandike jambo linaloninyima raha wiki nzima.

Niko Tabata, Dar es Salaam. Uwani kwangu pana nafasi ya hatua saba kwa nne. Humo nina viroba 22 vya mchicha, chainizi, matembele na mnafu. Nina ndoo sita, nne za nyanya na mbili za pilipili hoho. Chini, kando ya ukuta, kuna mnanaa, rozimari na mchaichai. Nyanya nimeziotesha mwenyewe kwa mbegu mwezi wa tisa, na sasa zimeanza kufunga matunda makubwa kama golori.

Tarehe 20 tunaondoka na familia kwenda Marangu kwa mama mkwe kula Krismasi. Tunarudi tarehe 2. Ni siku 13, na joto la Desemba mnalijua.

Mwaka jana nilimwachia kijana wa jirani ufunguo wa geti dogo na pesa kidogo. Siku ya nne akapata msiba kwao, akasafiri. Alinipigia, lakini kule juu mtandao ulikuwa wa kubahatisha, hakunipata. Simlaumu hata kidogo, msiba haupigi hodi. Niliporudi nilikuta udongo umenyauka na kujitenga na kiroba. Nikimwaga maji yanapita pembeni na kutokea chini, katikati pamebaki pakavu. Nililia. Najua kuna watakaosema ni mboga tu, lakini bustani hii niliianza mwaka niliofiwa na mama yangu, na mnanaa ule ni kipande cha mnanaa wake. Ulichipua tena kutoka kwenye mzizi mmoja. Sitaki kuujaribu bahati yake mara ya pili.

Nilivyonavyo: tenki la lita 500 lililo juu ya kichanja cha mbao, kimo chake kama mita moja. Maji ya bomba yanatoka kwa mgawo. Bajeti ni shilingi 80,000. Nina msumeno, nyundo, drili ya kuazima, na wikiendi mbili kamili, hii na ijayo. Napenda kazi ya mikono, kwa hiyo nielekezeni hata kama ni ya kutoa jasho.

Na ninyi mniambie, sikukuu hii mnaelekea wapi, na nyumbani mnatengeneza nini? Tupige soga, ni Jumamosi.

---

Kijani Mbezi | saa 2:05 asubuhi

Nakaa hapa hapa nasubiri majibu, maana tatizo langu ni hilo hilo ila mimi nakwenda Songea, siku 10. Wikiendi hii napaka chokaa ukuta wa uwani. Mke wangu anataka uwe mweupe kabla wageni hawajafika, na mimi nataka uwe mweupe kwa sababu ukuta mweusi unazipikia hoho zangu jioni nzima.

---

Fundi wa Jumamosi | saa 2:30 asubuhi

Dada, una tenki la lita 500 na bado unaogopa? Tupige hesabu. Viroba 22, kila kimoja nusu lita kwa siku, ni lita 11. Nyanya na hoho tuziwekee lita moja kila ndoo, zinakuwa lita 17 kwa siku. Mara 13 ni lita 221. Tenki lako linatosha na kubaki.

Funga umwagiliaji wa matone. Mpira mkuu wa milimita 16 unatoka kwenye tenki, halafu vijimpira vyembamba kwenda kila kiroba. Mambo matatu uyazingatie. La kwanza, kichujio mwanzoni mwa mpira, hasa kama tenki lako huwa unalijaza maji ya kisima, kwa sababu chumvi na mchanga huziba matundu. La pili, kimo. Mita moja ya kimo inakupa msukumo wa takribani bar 0.1 tu, ambao ni mdogo sana. Matundu yaliyotengenezwa kwa ajili ya pampu hayatatoa kitu, au kiroba cha kwanza kitazama na cha mwisho kitabaki kikavu. Ukiweza kuinua tenki hadi mita mbili utaona tofauti. La tatu, taima ya kufungua maji. Zinazouzwa nyingi ni za bomba lenye msukumo, kwa tenki hazifunguki vizuri. Tafuta ile ambayo ndani yake ina koki ya duara inayozungushwa na mota ndogo ya betri, hiyo hufanya kazi hata maji yakiwa yanatiririka yenyewe.

Sikukuu sisafiri. Natengeneza kabati la jikoni la mninga, nimeshakata milango yote minne, nimebakiza kuipiga msasa. Kila nikigusa ile mbao nashukuru sikuiuza.

---

Mama Viroba | saa 2:52 asubuhi

Asante sana kaka, hesabu hiyo imenitoa hofu kubwa. Ila nina swali. Taima nimewahi kuulizia, peke yake inakula bajeti karibu yote. Na hivi, mpira ukichomoka nikiwa Marangu, nani ataurudisha?

---

Kisauni Kwetu | saa 3:20 asubuhi

Salaam kutoka Mombasa, ndugu zangu. Swali la mwisho la dada ndilo lenyewe. Mimi hayo ya matone niliyafunga mwaka juzi, nikaenda Malindi siku tano kwa harusi. Siku ya pili kiungo kimoja kikachomoka. Tenki lote likamwagika usiku mmoja, na mimea ikakaa siku tatu bila tone. Ubaya wa ule mfumo si matone, ni kwamba kila kitu kinategemea chombo kimoja. Kikiharibika, kimeharibika kwa wote.

Kwa ile mimea iliyo ardhini kando ya ukuta, mie natumia mtungi. Mtungi wa udongo uliochomwa bila kupakwa rangi wala dawa ya kung'arisha, ule wa kuwekea maji ya kunywa. Unaujua unavyotoa jasho nje hata maji yakapoa? Jasho hilo hilo ndilo linalonywesha mmea. Ufukie hadi shingoni, ujaze, ufunike mdomo. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia kuta za mtungi, ukilowa unaacha kuvuta. Hakuna koki, hakuna betri, na mmea hunywa kwa kiasi chake. Si mambo mapya haya, Wachina waliyaandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Kuujaribu kabla ya kununua ni rahisi: mwombe muuzaji autie maji, ukae naye kidogo. Usipoona nje unageuka rangi na kulowa, uache. Na usichukue chungu cha simenti, hata kiwe kizuri vipi. Ukikosa mtungi, chungu cha maua cha udongo kinafaa, ziba tundu la chini kwa simenti na ufunike juu kwa kisahani. Mche uwe karibu, kama shubiri moja hadi mbili, kwa sababu kwenye mchanga wetu wa pwani maji hayaendi mbali kwa upande, yanashuka chini.

Mnanaa utaupenda mtungi. Rozimari uiweke mbali, haipendi kulowa miguu.

Mie sikukuu niko nyumbani, nakifufua kitanda cha kamba cha bibi yangu. Mbao zote nzima, kamba ndizo zilizooza. Nimepata kamba za usumba kwa mzee mmoja wa Kilifi, naisuka upya kidogo kidogo kila jioni. Vidole vinauma lakini kile kitanda tulizaliwa juu yake karibu sote.

---

Fundi wa Jumamosi | saa 3:41 asubuhi

Kisauni, hoja ya chombo kimoja naikubali. Basi dada, kama unataka matone bila taima, usiunganishe na tenki. Kila viroba vinne au vitano vipe ndoo yao ya lita 20 iliyoinuliwa. Kiungo kikichomoka umepoteza ndoo moja, si bustani nzima.

Na hicho kitanda, tafadhali, tuletee picha.

---

Bibi Mchaichai | saa 4:15 asubuhi

Wanangu hamjambo. Nawasoma tangu asubuhi, mnazungumza maji, maji, maji. Mimi ningeanza upande mwingine. Kabla ya kutafuta namna ya kuleta maji, punguza kiu.

Mwanangu, mchicha huchukua wiki tatu hadi nne tu kuwa tayari. Una wiki mbili kabla ya safari. Usipande mwingine sasa. Uliopo uvune wote siku mbili kabla ya kuondoka, uugawe kwa majirani, kiroba ukiache kitupu na kilichofunikwa. Chainizi vivyo hivyo. Hapo viroba vyako 22 vimebaki labda 10. Matembele yakate hadi yabaki visiki vya kidole, yana mizizi, yatachipua. Mnafu uchume majani makubwa yote, maana jani ndilo linalokunywa maji na kuyatoa hewani. Nyanya punguza matawi ya chini na vichipukizi vya kwapani, na ile iliyoanza kubadilika rangi ichume, itaivia ndani. Mboga yenye majani nusu hunywa nusu.

Pili, kusanya viroba na ndoo vyote pamoja, vigusane, mahali penye kivuli cha mchana. Kimoja kimoja vikikaa mbalimbali jua linavipiga pande zote, na kiroba cheusi kinapata moto kama sufuria. Juu weka neti ya kivuli au kanga kuukuu kwa upande wa magharibi.

Tatu, funika udongo. Huko Dar muuza madafu atakupa makumbi bure, anatafuta pa kuyatupa. Chambua nyuzi zake, loweka usiku mzima, panga juu ya kiroba unene wa vidole vinne. Na ule udongo uliogoma kunywa mwaka jana dawa yake si kumwagia juu. Kitie kiroba chote kwenye beseni la maji hadi mapovu yaishe, ndipo kitakuwa kimelowa hadi katikati. Fanya hivyo kwa kila chombo jioni ya kuamkia safari.

Kwa nyanya, tumia utambi. Kitambaa cha pamba kilichosokotwa nene kama kidole gumba, shati kuukuu linafaa, la nailoni halifai. Ncha moja ndani ya dumu la maji, hadi chini kabisa, nyingine ifukie kwenye udongo wa ndoo kina cha kiganja. Loweka utambi kwanza. Dumu likae juu kidogo kuliko ndoo. Piga alama ya kalamu kwenye dumu usawa wa maji, kesho yake saa ile ile uangalie limeshuka kiasi gani, uzidishe mara 13. Usisafiri na kitu ambacho hujakijaribu.

Mimi niko Tanga, mwalimu mstaafu. Sikukuu nawapeleka wajukuu Amani, kule juu ya Muheza. Kuna bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902, na msitu wake ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Nataka waone ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ulaya, na leo linauzwa kwenye vyungu vidogo duniani kote, kwenye madirisha ya watu ambao hawajawahi kusikia neno Usambara. Nalisema kwa sababu wapenzi wa ua hilo huko kwao wanalimwagilia kwa utambi, hivi hivi nilivyokueleza.

---

Mama Viroba | saa 4:33 asubuhi

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama uwani nahesabu viroba. Sikuwahi kufikiri kwamba jani ndilo linalokunywa. Nilikuwa najivunia majani mengi mwaka jana wakati naondoka.

---

Bibi Mchaichai | saa 4:40 asubuhi

Marahaba mwanangu. Ndivyo wote tulivyojifunza.

---

Msafi wa Temeke | saa 5:10 asubuhi

Samahani kwa kuingilia, lakini hili lazima lisemwe. Madumu wazi, ndoo wazi, mitungi wazi, siku 13, Desemba, Dar. Mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama, ndani na kando ya nyumba, na kwa joto letu yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Utarudi na kulakiwa na kundi zima. Mji huu umeshapigwa na dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, nyumbani kwetu tuliugua watatu kwa mpigo, na maumivu ya viungo yale sitamwombea mtu.

Kila mdomo wa chombo ufunikwe. Dumu ni zuri kwa sababu mdomo wake ni mdogo: pitisha utambi, kisha ziba nafasi inayobaki kwa kitambaa na ufunge kwa mpira. Ndoo funga chandarua kuukuu kwa kamba. Visahani vya chini ya vyungu viondoe kabisa au vijaze mchanga. Na ukirudi sugua kuta za ndani za chombo kwa brashi, usimwage maji tu, mayai hukauka yakiwa yameganda ukutani na yanaweza kungoja miezi hadi yapate maji tena.

Sisafiri, niko zamu kazini. Mradi wangu ni wa nyavu: natengeneza fremu za madirisha yote manne, nimebakiza la chumba cha watoto.

---

Nahodha wa Kibiti | saa 6:20 mchana

Mimi sina bustani ila nimependa uzi. Natoka Nyamisati kwa boti kwenda Mafia na binti yangu, ametimiza miaka 12 na zawadi aliyoomba ni kumwona papa potwe. Msimu wao pale Kilindoni ni Oktoba hadi Machi. Samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana ubaya na mtu, anakula vijidudu vya majini. Nimemtengenezea binti sanduku la mbao la kutunzia miwani na viatu vya kuogelea. Amelala nalo jana.

---

Mwana wa Kihamba | saa 10:05 jioni

Dada, unakwenda kwetu! Kwanza safari. Tiketi za kuelekea Moshi katikati ya Desemba zinagombaniwa, kata leo kama hujakata. Na kama mnakwenda Marangu hamna haja ya kufika Moshi mjini. Basi likishapita Same na Mwanga linafika njia panda ya Himo, shukeni hapo, Marangu ni kupanda juu tu. Watoto wabebee sweta, usiku wa kule si wa Tabata.

Pili, ukifika kwa mama mkwe, muulize juu ya mfongo. Babu zetu walichimba mifereji ya kutoa maji mtoni juu mlimani na kuyashusha hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu, na kila ukoo una zamu yake. Palipo na nduwa, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya usiku, yanafunguliwa asubuhi. Nimekulia humo. Asubuhi ya zamu yetu baba alikuwa hanywi hata chai kabla hajalisikia lile tope likizibuliwa. Kila mtu alijua maji ni ya nani na saa ngapi, na ukilala zamu yako imepita. Ukipata nafasi nenda pia Shimbwe Juu, kihamba cha kule FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia.

Tatu, angalia chini ya migomba. Hutaona udongo mtupu. Majani makavu yamelala, chini yake pana unyevu hata wiki tatu bila mvua. Bibi Mchaichai amesema yote, mimi nakwambia tu kwamba utaliona kwa macho yako.

Mimi nami napanda tarehe 22. Mradi wangu uko huko huko: paa la jiko la mama linavuja, nabadilisha bati sita na mbao mbili. Mbege baadaye.

---

Kijani Mbezi | saa 12:15 jioni

Chokaa mkono wa kwanza tayari. Nimepita kwa muuza madafu, amenipa magunia mawili ya makumbi na kunishukuru juu yake.

---

Mama Viroba | Jumapili, saa 3:00 usiku

Wakuu, nimeamua. Nawaeleza nilichofanya wikiendi hii mnikosoe kabla hatujachelewa.

Mitungi miwili nimeipata, nilikaa na muuzaji robo saa nikiutazama mmoja ukitoa jasho, wa pili ukagoma, nikaomba mwingine. Nimeifukia kando ya ukuta, mmoja katikati ya mnanaa na mchaichai, mwingine mwishoni nilipohamishia matembele matano. Rozimari nimeihamisha upande wa pili, nimeomba radhi kwa mizizi yake.

Nyanya zina madumu mawili ya lita 20, kila moja ndoo mbili. Tambi ni za shati la mume wangu, nimeomba ruhusa. Alama ya jana na ya leo: dumu la kwanza limeshuka lita moja na nusu, hilo ni zuri. La pili limeshuka karibu lita nne! Nadhani utambi ni mnene mno na dumu liko juu sana.

Hoho mbili na viroba vya mnafu nimevipa ndoo moja ya matone, kwa koki ndogo niliyoibana hadi inadondoka. Vyombo vyote nimevifunga chandarua.

---

Bibi Mchaichai | Jumapili, saa 3:22 usiku

Lita nne ni utambi unaokimbia. Shusha dumu hadi usawa wake ulingane na udongo wa ndoo, upime tena. Lita moja na nusu kwa siku nalo ni lita 19 na nusu kwa siku 13, umebaki ukingoni. Omba jirani mmoja, mara moja tu, tarehe 26, aje na madumu mawili ya kujazia. Kumwomba mtu siku moja si sawa na kumtwika siku 13.

---

Fundi wa Jumamosi | Jumapili, saa 3:30 usiku

Koki ya kubana hubadilika. Maji yakipungua kwenye ndoo msukumo unapungua na tone linakuwa dogo, halafu linakata. Jaribu siku tatu mfululizo bila kuigusa. Ikikata, wape hoho utambi nao.

---

Mama Viroba | Jumatano, saa 1:15 usiku

Imekata siku ya pili, kama ulivyosema kaka. Hoho nazo ziko kwenye utambi sasa. Dumu la pili nimelishusha, leo limenywa lita moja na robo. Mama wa nyumba ya tatu, ambaye kila wiki nampelekea mchicha, amekubali tarehe 26 kabla sijamaliza sentensi.

---

Mama Viroba | Januari 3, saa 2:10 asubuhi

MREJESHO.

Tumefika jana saa nne usiku. Sikuingia ndani, nilipitia geti dogo na tochi ya simu.

Nyanya ziko hai zote nne. Nimechuma 11 zilizoiva. Mbili zina kitako cheusi kilichooza, nadhani kuna siku utambi ulizidiwa na jua, maana maji yakija kwa kupanda na kushuka chokaa ya udongoni haifiki kwenye tunda. Madumu yalikuwa na maji ya vidole viwili. Hoho moja imeangusha maua yote lakini majani yake mazima. Viroba viwili vya mnafu vilivyokuwa nje ya kivuli vimekufa, nilivisahau kando ya bafu, na ukuta wake ukavikinga upande mmoja tu. Vilivyo chini ya makumbi, nimeingiza kidole asubuhi hii: unyevu. Mbu sikuona.

Mtungi wa mnanaa ulikuwa umebakiza robo. Mnanaa wenyewe umeuzunguka pande zote, mizizi imeushika hadi nikijaribu kuutikisa hautikisiki.

Na nimeuona mfongo. Mama mkwe alinipeleka mwenyewe, alfajiri, tukasimama pale wanapozibua. Alishangaa kwamba nilijua neno nduwa.

---

Kisauni Kwetu | Januari 3, saa 2:40 asubuhi

Alhamdulillahi. Mie nimelala juu ya kitanda cha bibi usiku wa tatu huu. Mtungi uache humo humo, ila ukiona umeanza kuwa mzito kutoa maji ni chumvi imeziba, utoe na uusugue kwa siki.

---

Bibi Mchaichai | Januari 3, saa 3:05 asubuhi

Hongera mwanangu. Wajukuu waliona maua, mdogo alitaka kung'oa moja nikamshika mkono. Nina ombi. Mnanaa wa hapa kwangu umekufa mwaka juzi na sijapata unaonukia vizuri. Kipande kimoja cha wa mama yako, kama si usumbufu.

---

Mama Viroba | Januari 3, saa 3:12 asubuhi

Nimeshakata vitano mama, viko kwenye glasi ya maji dirishani. Wiki ijayo vikitoa mizizi nitavifunga kwa kitambaa kibichi, nivipeleke stendi vije na basi la asubuhi la Tanga.